Mbuzi Kwenye Gunia, Divai Kwenye Kasha

Kiswahili kina onyo kwa kila mnunuzi: usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwenye akili zake hufungua gunia kwanza, akamtazama mbuzi meno, akampapasa mbavu, ndipo atie mkono mfukoni. Huku Uingereza kuna biashara iliyosimama kwa kuligeuza onyo hilo kuwa kivutio. Muuza divai anakwambia: hili hapa kasha, ndani mna chupa 12 za divai nyekundu, sikuambii ni zipi wala zimetoka wapi, lipa kwanza. Na watu wanalipa. Novemba 2024 watu watatu wa nyumba yetu ya wanafunzi, mimi nikiwa mmoja wao, tulichanga pauni 24 kila mtu tukalipa pauni 72.

Ninachotaka kukichambua hapa ni kasha lenyewe, kama matini. Nasoma uzamili wa fasihi. Nimezoeshwa kuuliza nani anasimulia, anaficha nini, na anafaidika vipi kwa kuficha. Kasha la siri linayajibu maswali hayo matatu vizuri kuliko riwaya kadhaa nilizopangiwa muhula ule.

Kilichofichwa ni mambo manne: aina ya zabibu, shamba, nchi na mwaka wa mavuno. Ndiyo mambo ambayo kwa kawaida hutuamulia kama tunywe kwa heshima au kwa kejeli. Lakini jambo la tano halikufichwa hata kidogo, tena liliandikwa kwa herufi nene, nalo ni bei. Sizungumzii ile pauni 72 peke yake. Juu yake palikuwa na bei nyingine, pauni 138, imepigwa mstari katikati. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya hadithi. Kabla hujaonja tone, umeshaelekezwa uhisi nini: uhisi umeokota, uhisi umewazidi ujanja wanaolipa bei kamili.

Na maelekezo hayo yanafanya kazi. Mwaka 2008 watafiti wa Caltech na Stanford walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu 20 walionjeshwa divai wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, huku wakitajiwa bei. Divai ile ile ililetwa mara mbili, mara ikiitwa ya dola 90, mara ya dola 10. Walisema ile ya dola 90 ni tamu zaidi, na hawakuwa wakijitutumua: sehemu ya ubongo inayohusika na kufurahia ilifanya kazi zaidi bei ilipopanda. Kwa hiyo mtu akisema bei iliyopigwa mstari ni mapambo ya nje, mimi nitabisha. Imo ndani ya chupa, kama zabibu zilivyomo.

Tupige hesabu basi, maana mwanafunzi hana budi. Chupa yetu moja ni pauni 6. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, inachukua pauni 1. Ushuru wa kileo mwezi ule ulikuwa pauni 2.67 kwa chupa ya kawaida yenye nguvu kati ya asilimia 11.5 na 14.5. Zimebaki pauni 2.33. Humo mna kioo cha chupa, kizibo, lebo, kasha la karatasi ngumu, safari ya meli, ghala, gari la kutuletea mlangoni, faida ya muuzaji, na mwisho kabisa, divai. Sasa chukua ile bei ya hadithi. Pauni 138 kwa chupa 12 ni pauni 11.50 kila moja. Toa kodi na ushuru ule ule, zinabaki pauni 6.91, karibu mara tatu ya zile zetu. Muuzaji anatuomba tuamini kwamba divai ya pauni 6.91 imekubali kuingia kwenye pauni 2.33 kwa sababu ya ukarimu tu.

Wakati mwingine ni kweli, au karibu na kweli. Ghala lina gharama, na divai ya mwaka jana inapaswa kuipisha ya mwaka huu. Mzigo ulioagizwa na hoteli ukakataliwa, chupa 40 zilizobaki za mzigo wa chupa 4,000, lebo zilizolowa maji: vitu kama hivyo vinahitaji pa kwenda, na kasha la siri ni mahali pazuri pa kwenda bila kumwaibisha mtu. Nikilitazama hivyo, kasha ni la heshima kabisa. Ni sawa na mama lishe anayekuuzia ukoko kwa nusu bei na kukwambia kwamba ni ukoko.

Ila kasha letu halikuwa na ukoko. Lilikuwa na aina sita za divai, chupa mbili mbili. Mbili kati ya hizo tuliziona zikiuzwa na maduka mengine. Nne hatukuziona popote isipokuwa kwa muuzaji wetu. Moja ilikuwa na picha ya jumba la mawe na jina la ukoo wa Kifaransa lenye herufi za kujipinda. Nyuma, kwa maandishi ya kumtafutia mtu miwani, palikuwa na neno la kusema imejazwa na nani, na badala ya jina pakawekwa namba ya eneo la posta. Mbili zilikuwa zimejazwa hapa hapa Uingereza. Hilo nalo si kosa. Divai nyingi ya Australia na Chile husafiri ikiwa ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa plastiki uliotandazwa kwenye kontena, lita 24,000 kwa mkupuo, sawa na chupa 32,000, ikaja kujazwa sehemu kama Avonmouth karibu na Bristol. Haiharibiki kwa hilo, na meli haibebi kioo bure.

Tatizo ni la usimulizi. Divai inayouzwa na mtu mmoja peke yake duniani haina bei ya zamani isipokuwa ile anayoitaja yeye. Yeye ndiye msimulizi, yeye ndiye shahidi, na kitabu cha ushahidi kiko kwapani mwake. Katika darasa la nadharia tunamwita msimulizi asiyeaminika, na tunamfurahia kwa sababu mwandishi aliye nyuma yake ametuachia nyufa za kuchungulia. Kwenye kasha hakuna mwandishi wa nyuma. Nyufa unazitoboa mwenyewe kwa kikokotoo.

Dada wa Kisumu tunayeishi naye hakushangazwa na lolote. Shangazi yake anauza mitumba Gikomba, na mitumba ndiyo shule kuu ya kununua kilichofungwa. Belo linakuja limekazwa kwa mikanda, mara nyingi kilo 45, na hulifungui dukani kwa mwenye mali. Unalipa, unalibeba, unalifungulia kwenye meza yako huku wateja wamekuzunguka wakisubiri kamera, yaani zile nguo chache za kuchaguliwa kwanza. Ukikuta zimejaa makoti ya baridi kali mwezi wa Januari, ni yako hiyo. Kwa hiyo huwezi kusema mtu wa kwetu hajui kununua gunia. Ila mtazame shangazi yule kabla hajalipa. Anasoma alama za nchi lilikotoka belo. Anajua kampuni ipi hupanga vizuri na ipi huchanganya. Anabonyeza pembeni kwa kiganja, anauliza waliofungua la jana walipata nini. Mtaji ni wake, hasara ni yake, wala hakuna anayempigia makofi kwamba ameshinda pauni 66. Huo kwangu ni usomaji wa daraja la juu: kusoma kitu kilichofungwa kwa dalili zilizobaki nje. Kasha la divai linamtaka mnunuzi afanye kinyume, aache kusoma alipe kwa raha.

Waaustralia walikuwa na njia yao. Divai ilipowazidi, miaka ya mwanzo ya karne hii, walijaza maduka kwa chupa zisizo na jina la mtengenezaji, lebo nyeupe yenye aina ya zabibu, nguvu ya kileo, ujazo na mambo machache yanayotakiwa na sheria. Waliziita kwa neno la wafugaji, lile la ng'ombe ambaye hajapigwa chapa. Napenda picha hiyo kuliko ya sanduku la hazina. Ng'ombe asiye na chapa bado unamwona ni ng'ombe.

Katika fasihi kuna mtu aliyewahi kung'oa lebo kwa makusudi. I. A. Richards, mwalimu wa Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi bila majina ya washairi wala tarehe, akakusanya walichoandika, na mwaka 1929 akakitoa kitabuni kwa jina la Practical Criticism. Mashairi yalikuwa 13. Miongoni mwa walionyang'anywa majina walikuwamo Donne, Hopkins na Longfellow, na wanafunzi wale, ambao walikuwa wamesoma vya kutosha, waliparaganyika: waliowasifu wadogo wakawabeza wakubwa, kwa sababu ambazo ukizisoma leo unacheka kisha unanyamaza. Watu wengi hukumbuka kitabu hicho kama fedheha ya wasomaji. Mimi naona alichokifanya Richards ambacho kasha la siri halithubutu kukifanya: alificha jina hadi mwisho wa usomaji. Kasha huficha jina hadi mwisho wa malipo, kisha ukifungua tu, majina yote yanakuangalia usoni, na kuonja kunaanza yakiwa mezani.

(Kwamba jina hufanya kazi hata kwetu, sina haja ya kwenda Cambridge. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Oktoba 2021 alipotangazwa mshindi wa Nobel, haikubadilika hata nukta. Tuliobadilika ni sisi, tukaanza kuitafuta kwa tochi.)

Tukaamua kulimalizia kasha kazi yake. Kaka wa Morogoro, mwenzetu wa nne, ni mlokole na hanywi. Alikubali kuwa karani kwa sharti kwamba hakuna chupa itakayolala kwenye rafu yake ya friji. Alizivisha chupa sita soksi za mpira, akazipa namba, akamimina, akakaa na daftari. Walioonja ni mimi wa Mtwara, dada wa Kisumu na kaka wa Bukavu. Kila mtu aliandika yake kwenye karatasi, kwa Kiingereza, maana karatasi za mfano tulizotafuta zilikuwa za Kiingereza.

Karatasi zile ninazo. Chupa ya kwanza: tunda la blackberry, cheri, vanila. Ya pili: cheri, blackberry, viungo. Ya tatu: blackberry, moshi kidogo, vanila. Ungedhani tumekunywa divai moja mara sita. Na ukichukua lebo za nyuma za chupa zile sita ukaziweka safu moja, unakuta maneno yale yale kwa mpangilio unaokaribiana.

Hapa watu hupenda kuleta jaribio la Bordeaux lililochapishwa mwaka 2001, ambalo watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Limesimuliwa mno kama ushahidi kwamba wataalamu ni matapeli wasioweza kutofautisha nyeupe na nyekundu. Sivyo. Hawakuulizwa ni nyeupe au nyekundu. Waliombwa maneno, na maneno yakafuata jicho. Hilo ni jambo kubwa zaidi kuliko utapeli. Lugha ya divai imepangwa kwa rangi: nyeupe ina malimau na asali, nyekundu ina matunda meusi na tumbaku. Ukishaona wekundu umeshafunguliwa droo, na unachagua kilichomo. Mwanaisimu Adrienne Lehrer, katika kitabu chake Wine and Conversation cha mwaka 1983, alionyesha kwamba wanywaji wa kawaida wakipewa maelezo yaliyoandikwa na wenzao walinganishe na divai zenyewe, hawaambulii kitu. Maneno yanazunguka meza nzima bila kugusa glasi.

Kilichotutoa kwenye droo ni karani. Kwenye chupa ya nne aliweka kalamu chini akasema, "Jamani, mbona mnasema kimoja mnaandika kingine?" Ni kweli. Kwa mdomo tulikuwa tunasema, "Hii inakakasa." "Hii kali mwanzoni, halafu inachachuka." "Hii imenishika nyuma ya meno." Kisha tunainama tunaandika cheri.

Kitu ambacho wataalamu hukieleza kwa kurasa, jinsi tanini za ganda la zabibu na za pipa zinavyoshikamana na protini za mate hadi ulimi unakuwa kama umepigwa msasa, Kiswahili kina neno lake tayari, tena la mtoto wa miaka mitano: ukakasi. Aliyekulia kwenye mikorosho hahitaji darasa. Bibo jekundu likiiva lina utamu mwingi na maji mengi, unauma, unafurahi, na dakika moja baadaye koo lote limekazwa kama mdomo wa mfuko. Kuna ukakasi unaokuja na utamu na kuna unaokuja nyuma yake. Kuna wa bibo na kuna wa ndizi mbichi, na wa ndizi mbichi hauna msamaha. Hizo ni tofauti ambazo lebo zetu sita zilizifunika kwa neno moja, wakati mwingine "laini", wakati mwingine "imara". Zambarau nayo inafanya kazi ambayo blackberry haikunifanyia kamwe. Ina utamu, ina ukakasi, ina rangi inayobaki kwenye ulimi hadi jioni ikakusaliti kwa mama. Na rangi ya Shiraz changa kwenye glasi iliyoinamishwa ni zambarau, neno lile lile, tunda na rangi kwa pamoja.

Inashangaza kwamba msamiati huu haukuwahi kukutana na divai. Mvinyo tulipewa na Wareno, divai ikaja na mapadri wa Kifaransa, na maneno yote mawili yamekaa muda mrefu kanisani na kwenye tafsiri za Biblia, mahali ambapo hakuna anayeulizwa ina ladha gani. Hata Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, chupa bado inauzwa kwa neno "kavu", tafsiri ya neno kwa neno ya kitu ambacho hakina ukavu wowote. Wanachomaanisha ni kwamba haina sukari.

Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alipotengeneza gurudumu lake la harufu za divai miaka ya 1980, hakuishia kuorodhesha maneno. Alifundisha watu kuyatengeneza: chukua divai ya bei poa, dumbukiza kipande cha pilipili hoho, au punje ya pilipili manga, funika, nusa, sasa unajua neno hilo linasema nini. Huo ni ukarimu wa kweli kwa msomaji, na unaonyesha neno la kuonja lina masharti: lazima kitu chenyewe kiwe kimewahi kupita puani mwako. Hata kwa wenye Kiingereza. Blackcurrant, tunda ambalo waandishi wa divai hulitaja kama chumvi, lilipigwa marufuku kulimwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu ya ugonjwa wa misonobari, na vizazi vya Wamarekani vimelisoma kwenye lebo bila kuliona sokoni. Mimi nililijua kwa jina la Ribena.

Sasa, asije mtu akadhani nimepata ufunguo. Dada wa Kisumu hajawahi kula bibo. Niliposema bibo alinitazama kama ninavyozitazama lebo. Yeye alisema ukwaju, ukwaju wa kuchemshwa, na kaka wa Bukavu akasema hapana, ni prini za Kivu kabla ya kuiva, na kwa robo saa tulibishana kwa Kiswahili cha aina tatu kuhusu glasi moja. Maelezo yetu hayakuwa ya kweli zaidi kwa watu wote kuliko ya lebo. Tofauti ni kwamba yetu yalikuwa na anwani. Ukisoma "bibo" unajua anayesema anatoka ukanda wa korosho, unaweza kumpunguza au kumwongeza. Ukisoma "matunda meusi yaliyoiva na vanila" hujui ni nani aliyeionja, wala kama kuna mtu aliyeionja.

Soksi zilivuliwa saa nne usiku. Chupa ya nne, ambayo wenzangu wawili waliiweka ya kwanza na mimi nikaiweka ya tano, ilikuwa moja ya zile mbili zinazouzwa kwingine: Côtes du Rhône, pauni 8 kwenye duka la karibu. Ile ya jumba la mawe, iliyodaiwa kuwa ghali kuliko zote, haikushika nafasi ya juu kwa mtu yeyote, ingawa baada ya kuiona lebo kaka wa Bukavu aliomba aonjeshwe tena, akasema labda ilikuwa imefungwa mno mwanzoni. Tulimwacha.

Daftari la karani linasema hivi, kwa mwandiko wake: "Na. 4. Zambarau zilizolala ndoo usiku mmoja. Ukakasi unakuja mwisho, taratibu, unaondoka bila kuaga. Kisumu: ukwaju. Bukavu: prini. Mtwara anasema bibo, wengine wanakataa. Harufu (hii nimenusa mwenyewe): kabati la bibi."